Mkono Begani mwa Goitom

Vita vilipokwisha, habari za waliokufa hazikuja moja moja. Zilizuiliwa muda mrefu, halafu zikatolewa zote kwa mpigo. Wazee wa mtaa walipita alfajiri na majina, wakagonga mlango huu, wakauruka ule, wakagonga unaofuata. Jua lilipochomoza, mtaa wetu wote wa Adi Haki ulikuwa unalia. Mahema ya matanga yalijaa barabarani hata magari yakakosa pa kupita, na kila mwanamke uliyekutana naye alikuwa amejifunga mtandio wake mweupe namna ya wafiwa.

Mimi ni fundi simu. Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba cha duka kando ya barabara ya hospitali, hapa Mekelle, pamoja na Azmera, binti wa Adey Kidan; Adey ndivyo tunavyomwita mama mtu mzima. Nusu ya mbele ilikuwa yangu na simu zangu mbovu. Nusu ya nyuma, kupita pazia, ilikuwa ya Azmera, na kompyuta yake na printa iliyokuwa ikilalamika kama punda. Kabla ya vita alikuwa akitengeneza michoro ya mihuri, nembo za timu za mpira na kadi za harusi, yaani kazi zote zinazotaka maneno yazunguke duara. Kwa hiyo watu walipoanza kutaka picha za marehemu wao za kuweka hemani, walikuja kwake. Mtindo ulioshika ulikuwa ule ule mmoja: sura ndani ya duara, jina juu, miaka chini.

Nilimwona akifanya kazi ile mara nyingi kuliko nilivyotaka. Alichora duara, akabonyeza ukingoni, na herufi alizoandika zikajipanga kwenye mviringo moja moja kama waumini wanaozunguka kanisa siku ya Mariamu. Juu zilikaa vizuri. Zikishuka chini zilikuwa kichwa chini miguu juu, kwa hiyo maneno ya chini aliyapa duara lao peke yao, akayageuza, akayasukuma ndani mpaka yakasomeka. Mwisho aliingiza sura, akaikata mviringo, akaulainisha ukingo ili mtu asionekane amekatwa kwa kisu. Wazazi walikaa kwenye benchi wakingoja. Baba mmoja aliniuliza kama naweza kuifufua simu ya mwanawe, maana ilikuwa na sauti yake ndani. Sikuweza.

Azmera alikuwa na kaka yake, Kibrom. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mrefu mwenye utani mwingi. Ukucha wa kidole gumba chake cha kulia ulikuwa na mpasuko katikati, tangu mlango wa lori ulipombana, na ulipoota uliota vipande viwili kama kwato. Alikwenda vitani mwaka wa kwanza. Alipiga simu mara chache, halafu kimya.

Alfajiri ile ya majina, Adey Kidan alikuwa ameketi uani, amevaa viatu, mtandio tayari mabegani, akingoja kugongewa. Wazee walifika kwa jirani wa kushoto, wakatoka. Wakapita mbele ya lango lake bila kusimama, wakaingia kwa jirani wa kulia. Mama yule aliendelea kukaa pale mpaka jua likampiga usoni. Kibrom hakuwa katika majina. Azmera alikwenda kuuliza kila ofisi iliyokuwa na mlango, na kila mahali aliambiwa kwamba ambaye hakutajwa hakuna anayejua habari zake, basi.

Watu walimwambia Adey Kidan ana bahati. Mwanamke mmoja alimwambia hivyo dukani kwetu, akiwa ameshika fremu ya wanawe wawili kifuani. Azmera alimwitikia kwa kichwa tu, na alipokwisha kuondoka akaniambia, "Bahati gani hii isiyo na mtu ndani yake?"

Kulikuwa na jambo jingine nililoligundua siku hizo. Ili asianze upya kila mara, Azmera alikuwa ameweka ruwaza ndani ya kompyuta: maduara yamekwisha kuchorwa, herufi zimekwisha kupangwa, yeye abadilishe jina tu na kuweka sura. Lakini ruwaza lazima iwe na jina fulani, na jina ambalo vidole vyake viliandika lilikuwa la Kibrom. Kila asubuhi alipoifungua, lilitokea jina la kaka yake likizunguka mahali patupu. Kisha alilifuta, akaandika la mtoto wa mtu mwingine, na sura ya mtoto huyo ikaingia pale katikati.

Nilimwambia abadilishe. Aandike hata jina langu mimi.

"Nilijaribu," alisema. "Nikilifuta moja kwa moja naona kama nimekuwa mmoja wa wale wazee wa alfajiri."

Sikumwambia tena. Lakini kuanzia hapo nusu ile ya nyuma sikuipenda. Kibrom zamani alikuwa na mazoea ya kukohoa kidogo mlangoni kabla ya kuingia, hata mlango ukiwa wazi, hata kukiwa na watu. Mchana mmoja, jua kali, barabara imejaa watu, nilikuwa nimeinamia simu nikakisikia kikohozi kile. Niliinua kichwa nikiwa tayari na jibu la utani mdomoni. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nilipogeuka, Azmera alikuwa amesimama kwenye pazia ananitazama mimi, siyo mlango. Aliangalia uso wangu kwa muda, akapata alichokuwa anataka kukijua, akarudi ndani.

Basi katika siku hizo akaja Adey Tabotu.

Alikuwa mama mfupi, mweusi wa jua la shambani, aliyetoka upande wa Hintalo akiwa na mfuko wa shayiri ya kukaanga kama zawadi kwa watu asiowajua. Mwanawe aliitwa Goitom. Hakuwa na picha yake yoyote ya ukubwani isipokuwa moja, iliyokuwa ndani ya simu ndogo ya kuazima. Alinipa mimi simu ili niitoe picha, nami nikaitoa na kuipeleka kwenye kompyuta ya Azmera.

Ilionyesha kijana amekaa juu ya jiwe, anacheka, macho ameyafumba nusu kwa jua. Picha ilikuwa imekatwa pembeni. Kutoka upande uliokatwa ulitokeza mkono wa mtu mwingine, umewekwa begani mwa Goitom kwa uzito, namna unavyomwekea mtu uliyemzoea.

Azmera alikaa mbele ya picha ile bila kugusa kipanya. Nilidhani amechoka. Kisha akaanza kazi haraka haraka, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuufuta mkono. Aliufunika kidole kwa kidole, akitoa kipande cha shati la Goitom upande mmoja na kukipaka upande mwingine, mpaka bega likabaki wazi kana kwamba hakuna aliyewahi kulishika. Akaweka sura ndani ya duara, jina juu, miaka chini, akachapisha.

Adey Tabotu alipokea karatasi kwa mikono miwili. Hakujua kusoma, kwa hiyo maneno hakuyaangalia. Aliangalia mtoto wake, akambusu, halafu kidole chake kikateremka begani kikasimama.

"Mkono uko wapi?"

Azmera alisema kwamba katika picha za marehemu kwa kawaida huondoa vitu vya pembeni, ili abaki mhusika peke yake.

"Mwanangu hakuwa peke yake," alisema yule mama. Hakupandisha sauti. "Aliyeniletea picha hii aliniambia, mwenye mkono huu ndiye aliyerudi kwa Goitom wenzao wote walipokimbia. Mimi sijui jina lake. Sijui mama yake ni nani. Mkono wake ndio kitu pekee ninachokijua. Urudishe, binti yangu."

Azmera akanigeukia. Aliirudisha picha ya kwanza, akaivuta ikawa kubwa, kubwa zaidi, hata Goitom akatoka nje ya kioo na kikabaki kidole gumba kimoja kimejaa pale. Ukucha ulikuwa na mpasuko katikati.

"Kaka Negasi," aliniambia, "niambie kwamba sioni ninachokiona."

Nilivuta kigoda nikamkalisha Adey Tabotu, kwa sababu nilijua kinachofuata kitamtaka akae. Azmera alipiga magoti mbele yake akamwambia kwamba mwenye mkono ule ni kaka yake, na mama yake yuko hai, anakaa nyuma ya kanisa la Mikaeli. Yule mama alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakaa naye hivyo. Nililishusha pazia nikaenda mbele kuwaambia wateja warudi siku nyingine.

Aliyempelekea Adey Tabotu picha alikuwa kijana mmoja jina lake Berihu. Alikuwa amepoteza mkono wa kushoto, na alikaa kwa shangazi yake huko Kwiha. Tulikwenda kesho yake, Azmera na mimi. Tulimkuta uani anafundisha kuku kurukia kijiti, na alipomwona Azmera aliacha mchezo, akasimama wima kama anayekaguliwa. Walikuwa wanafanana sana, Azmera na kaka yake.

"Wewe ni wa Kibrom," alisema.

Shangazi alitandika nyasi chini, ndiyo desturi ya kahawa kwetu, akaanza kukaanga kahawa. Berihu alitoa simu yake akatuonyesha picha nzima. Walikuwa watatu juu ya jiwe: Berihu mwenyewe na mikono yake miwili, Goitom katikati, na Kibrom. Alieleza kwamba aliikata picha kwa ajili ya Adey Tabotu kwa sababu hakutaka mama wa watu aone sura ya mtu ambaye wao hawakujua wamwite hai au marehemu. Uso wa Kibrom haukuwa umetulia. Wakati picha inapigwa alikuwa amegeuza kichwa ghafla upande wa kushoto, kuangalia kitu kilichokuwa nje ya picha, na uso ukavutika kidogo kama wino uliomwagiwa maji. Azmera alimwuliza alikuwa anaangalia nini. Berihu alisema hata yeye alimwuliza siku ile ile. Kibrom alijibu kwamba alidhani ameitwa.

Halafu akatusimulia. Walikuwa milimani kusini, ng'ambo ya Maychew, msimu wa ukungu. Walipigwa wakiwa wanahama, na Goitom akaanguka kwenye mteremko. Wao waliosalia walivuka ukingo wa mlima wakajificha upande wa pili. Kibrom alihesabu watu, akamkosa Goitom, akasema hawezi kumwacha vile, chini ya anga, kama mzoga. Walimshika. Akawatoka. Akaingia ndani ya ukungu.

"Tulimwita," alisema Berihu. "Akajibu, nakuja. Tukasubiri. Nikaita tena. Akasema nakuja, safari hii kwa mbali zaidi. Kila nilipoita alijibu hivyo hivyo, nakuja, nakuja, na kila mara sauti inazidi kwenda. Mara ya mwisho sikuita mimi wala mtu mwingine. Alijibu tu."

Kahawa ilikuwa tayari, na hakuna aliyeinywa. Baadaye mlima ulipigwa makombora, wao wakaondoka, na yeye akapoteza mkono siku nyingine mahali pengine. Maiti ya Kibrom hakuiona mtu. Ndiyo maana jina lake halikuletwa.

Siku ile ile tuliporudi Mekelle, Azmera aliingia dukani, akafungua kompyuta, akaifuta ruwaza ile yote, maduara na herufi zake. Alisema hataki tena kumzungushazungusha mtu namna ile. Kisha akaniomba niende naye kwao, maana hakuamini kwamba sauti yake itamtii.

Adey Kidan alitusikiliza akiwa anachambua dengu kwenye ungo. Azmera alimwambia habari za mkono, za Adey Tabotu, za mlima. Alipofika penye ukungu alisita. Alitaka kuiruka sehemu ile, nami nilijua anataka kuiruka. Mama yake aliuweka ungo chini.

"Na aliposema nakuja," aliuliza Adey Kidan, "sauti ilikuwa inakaribia au inakwenda?"

Hakuna aliyekuwa ametamka neno lile mbele yake.

Azmera alimwuliza taratibu nani amemwambia. Mama alisema hakuambiwa na mtu. Kila jioni wanawake wanapotoka sala, barabara ikishakuwa tupu, mtu husema nakuja nyuma ya ukuta wa mawe. Husema mara moja, kwa sauti ya mtu aliyechelewa chakula. Amekuwa akiisikia tangu msimu wa ukungu, mwaka ule wa kwanza. Hakutuambia kwa sababu alijua tutampeleka akamwagiwe maji ya baraka pamoja na wenye wazimu, na yeye hakutaka sauti ile itolewe. Hiyo tu ndiyo aliyokuwa nayo.

"Mwanzoni nilifurahi," alisema. "Nilipika. Sasa nachoka, watoto wangu. Anasema nakuja na haji. Mtu gani anaweza kukaa na mlango wa namna hiyo?"

Jioni ile nilikaa nao. Wanawake walirudi kutoka kanisani, viatu vikipiga kokoto, sauti zao zikapungua, barabara ikawa tupu. Mimi sikusikia kitu. Lakini nilimwona Adey Kidan akiinua kidevu, na Azmera akimshika mkono, na nikaona wote wawili wamegeukia ukuta kwa wakati mmoja. Niliaga nikaondoka kwa kupitia njia ndefu.

Adey Tabotu ndiye aliyesema twende mlimani. Mvua zilipokatika na barabara ya kusini ikapitika, alikuja dukani na mkate wa himbasha uliofungwa kitambaani, akatangaza kwamba yeye anakwenda kumtafuta mwanawe na anayetaka amfuate. Tulikwenda naye, Azmera, Berihu na mimi. Tulilala Maychew, asubuhi tukapanda. Berihu alikuwa mbele, na kila baada ya kitambo alisimama kutazama mawe, akibadilisha njia. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mabonde ingawa jua lilikuwa limetoka.

Chini ya ukingo tulimkuta mkulima mzee anakata majani ya ng'ombe wake. Hakutuuliza tunatafuta nini. Nadhani wengi walikuwa wamepita kabla yetu. Berihu alipomtajia siku zile za mapigano pale juu, alisema yeye hakukimbia, alibaki na ng'ombe, na alimwona mtu.

"Alikuwa mmoja, anabeba mawe," alisema. "Anashuka mtoni, anachukua jiwe, anapanda. Nilimpigia mbinja aondoke. Akanipungia mkono kama ananiambia subiri, namaliza. Ndipo makombora yakaanza. Ukungu ulipoinuka jioni hapakuwa na mtu, mteremko wenyewe ulikuwa umeporomoka. Lakini mawe yake yapo. Hakuna aliyeyagusa."

Akatupeleka. Lilikuwa kaburi lililojengwa vizuri, mawe ya mto yamepangwa makubwa chini na madogo juu, na mahali pa kichwa palikuwa pameachwa sehemu isiyofunikwa bado, imesitiriwa kwa koti. Koti lilikuwa limepauka na kuoza mabegani, lakini kola yake ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi wa buluu, mishono mirefu, mibaya. Azmera alipiga magoti akagusa ule uzi. Alisema mama yake hakuwahi kujua kushona.

Adey Tabotu alilala juu ya mawe. Alizungumza na Goitom muda mrefu, mambo ya nyumbani, mbuzi, dada yake aliyejifungua, nasi tukasogea pembeni. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwepesi. Akatafuta jiwe, akaenda kulifunika lile pengo la kichwani, halafu akasita, akampa Azmera lile jiwe aliweke yeye.

"Kazi ya kaka yako," alimwambia. "Mmalizie."

Azmera aliliweka. Kisha alitembea peke yake mpaka mahali mteremko ulipokuwa umebomoka. Ardhi ilikuwa imechimbuka, majani mabichi yameota juu yake, na chini zaidi ulikuwa ukungu mtupu. Alisimama hapo akitazama. Nilimwona akifungua mdomo kumwita, nikaona pia Berihu ametoa mkono wake mmoja kama anataka kumzuia. Hakuita. Alirudi kwetu, akasema tushuke.

Tukarudi mpaka tukaliona jiji. Hapo akaniuliza kama nadhani mtu anaweza kuwa anasema nakuja kwa ajili ya aliye mbele yake, na aliye nyuma akadhani anaambiwa yeye. Nilimwambia sijui. Alisema hata yeye hajui, lakini ndivyo atakavyomwambia mama yake.

Adey Kidan aliipokea kola ya koti, maana Azmera alikuwa ameikata na kuja nayo. Aliipapasa mishono. "Basi alifika kwa mwenzake," alisema. Akakaa. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, akalia kwa sauti, na majirani walisikia wakaja, na walipoona namna anavyolia hawakuuliza, wakaanza kukunja mikono ya nguo kusimamisha hema.

Asubuhi yake Azmera alikuja dukani. Hema lilikuwa tayari, kasisi ameitwa, watu wanatoka Wukro na Adigrat, na hapakuwa na picha. Alikaa mbele ya kompyuta, akachora duara, akaweka mikono kwenye herufi. Vidole havikwenda. Alijaribu tena. Mwishowe akasimama, akaniambia nikae mimi.

Nilimwambia sijui kazi ile. Akasema atanielekeza. Akaenda kusimama kwenye pazia, mgongo wake kwangu, uso barabarani.

"Bonyeza ukingoni mwa duara," alisema. "Siyo katikati, ukingoni. Andika jina."

Niliandika. Herufi zikapanda mviringo zikiwa zimebanana upande mmoja. Akanieleza namna ya kuziachanisha, na jinsi ya kulizungusha jina mpaka katikati yake iwe juu kabisa. Nilipoandika ya chini yakatoka kichwa chini, nikalaani, na Azmera akacheka kidogo bila kugeuka, kicheko kilichokuwa karibu sana na kulia. Akanifundisha kuyageuza. Aliniuliza nimeandika miaka gani. Nikamwambia. Magari yakapita, kisha akasema sawa.

Sura tuliyokuwa nayo ya siku za mwisho ilikuwa ile ya Berihu, ile iliyovutika. Nilimwambia zipo picha nyingine za zamani, safi zaidi. Alisema mama anataka hiyo, kwa sababu katika hiyo alikuwa tayari amemshika Goitom. Basi niliiingiza, nikaikata mviringo, nikaulainisha ukingo kama alivyonielekeza. Nilipoomba aje aone kabla sijachapisha, alitikisa kichwa.

"Umemweka katikati?"

"Katikati."

"Basi chapa."

Picha iliwekwa hemani juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, mishumaa pande mbili. Adey Tabotu alikuja na ya Goitom, ile yenye mkono, akaiegemeza pale pale kando yake. Mama wale wawili walikaa bega kwa bega siku zote za matanga, na watu wa mbali walidhani ni ndugu.

Adey Kidan hakusema kama bado anaisikia sauti jioni, na mimi sikuthubutu kumwuliza. Azmera naye hakusema. Niligundua jambo moja tu, na nilishangaa kwamba wengine hawakulitaja. Wageni waliingia hemani, wakainama mbele ya picha, wakamtazama Kibrom na lile jina lake likimzunguka, na uso ule uliogeuka kushoto kumsikiliza mtu aliyemwita. Halafu, kabla ya kwenda kukaa, kila mmoja wao aligeuka kidogo kushoto, akatazama ukuta wa hema ambapo hapakuwa na kitu.